Gari ya Himbi, Ndoa ya Katoyi

Pale kwa Mama Uwamariya, muuza kahawa wa Katoyi, benchi imesimama juu ya mawe ya volkano na haijawahi kutulia, wala midomo ya wenye kuikalia. Asubuhi ile tulikuwa wanne: Muzee Kamate, mwenye kuozesha binti yake Bénie mwisho wa juma, Kambere, makanika tunayemuita Karbiratere, kama kabureta ya gari, juu ya vile kazi yake ni kunywa, Havugimana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, na miye. Kamate alikuwa ameahidi wakwe, mbele ya watu, kwamba Bénie atafika kanisani ndani ya Mustang ya Julien, mupwa wake wa Himbi, mtaa wa matajiri. Tatizo ni moja: tangu ile gari ifike Goma, haijatoka kwenye parseli, kiwanja cha nyumba yake.

— Iko mugonjwa? Havugimana aliuliza.

— Mugonjwa! Karbiratere alicheka. Inaishi vizuri kupita weye. Julien ameijengea nyumba ya simenti. Pine za magurudumu zinakaa juu ya mbao, zisiguse baridi. Ameifunika bashi mbili za turubai, isiguswe na majivu ya volkano. Batri inalala chumba cha wageni, kurani ya umeme ikirudi tu, ya kwanza kuchajiwa ni yeye.

— Na anaiendesha wapi?

— Toka ukuta mpaka mulango mukubwa. Kisha anarudisha nyuma.

Tulicheka mpaka Mama Uwamariya akaokota vikombe vyake.

— Jioni, Karbiratere aliendelea, anavaa miwani ya jua, anaikala ndani, anawasha moteri. Vioo vya majirani vinatetemeka! Bibi yake anamuletea juisi ku dirisha. Akizima, anashuka, anasema: nimechoka na safari.

— Mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe, nilisema. Alipashwa kuipeleka Rutshuru ikalime maharage.

Kamate alipiga goti lake.

— Mucheke! Wakwe wamealika parokia muzima. Nilisema Mustang, na itakuya Mustang. Julien amekubali, lakini anaogopa barabara yetu itapasua tumbo ya gari. Nimewaomba akili, munanionyesha meno. Munataka niitwe muongo siku ya ndoa ya mutoto wangu?

Basi akili zikaanza. Mungu atusamehe.

— Mutaka cha mvunguni sharti ainame, Karbiratere alisema. Tuchimbe barabara. Tutoe mawe yote toka lami mpaka kwako.

— Weye! Yale mawe yana mizizi mpaka ku mulima! Havugimana alimukata. Tulete chukudu ine, kila pine na chukudu yake. Nimebeba viazi toka mbali, nitashindwa na bati yenye rangi?

— Chukudu moja iteleze, Julien afe na presha, tuwe na ndoa na kilio siku moja. Bora matela, Karbiratere alisema. Kila nyumba ya Katoyi ilete matela yake ya kulalia, tutandike njiani.

— Na mvua ikinyesha?

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba ya nini, mujinga weye?

Hapo miye, na sioni haya kusema, nilitoa ile kubwa.

— Tuipandishe ku Fuso, lile lori kubwa. Bénie ndani ya Mustang, Mustang juu ya Fuso. Wakwe watamuona hata wakiwa Himbi.

Macho ya Kamate iliwaka. Alinishika mukono.

— Weye njo mutu! Fuso! Tuifunge maua kila upande!

Kumbe Bénie alikuwa nyuma yetu. Alikuwa amekuya kumuita baba yake ajaribu koti ya ndoa. Hakucheka, hakukasirika.

— Papa, nilienda kuiangalia ile gari. Ku nyuma hata mukoba wangu ulikatala kuingia. Mbele kuna kiti cha kaka yangu, yaya Julien, juu haachii mutu volani aendeshe gari yake, na kiti changu na robe yangu ya ndoa.

— Njo vile, mwanangu. Utang'aa.

— Tangu mama afe unaniambia utanipeleka kanisani weye mwenyewe, umenishika mukono toka nyumbani. Sasa weye utaikala wapi?

Kamate alimuangalia Karbiratere. Karbiratere alimuangalia Havugimana. Havugimana aliniangalia miye, na miye, mwenye akili ya Fuso, nikamunyooshea Mama Uwamariya kikombe changu aongeze kahawa.