Nauliza Mwenye Kichwa

Wapendwa, Papa wachungaji na wamama wote, ninawasalimia katika jina la yule aliyenisimamisha. Leo sikuja kuimba, sauti yangu munaijua. Nimekuja kusema.

Mimi niko mutoto wa milima ya Masisi. Kwetu tulilima maharagi na mihogo mpaka bunduki zikatufukuza, tukafika huku Kashebere bila shamba. Nikaingia kwa masomo ya urembo: nywele, uso, kucha. Watu wakacheka: "Unakimbia vita, unajifunza kupaka kucha rangi?" Nikaendelea kujifunza. Ile kazi njo ilikuwa shamba yangu mupya.

Sasa musikie vile nilianguka. Siku mbili mbele ya ndoa, wakaniletea bibi-arusi nimulainishie nywele na produi, ile dawa ya kunyoosha nywele. Ile produi ni kali. Mama mwalimu alitufundisha: kwanza uliza kama kichwa imekwaruzwa. Nikauliza. Lakini ndugu zangu, munajua desturi yetu: bibi-arusi anainamisha macho, shangazi njo anamujibia. Shangazi akasema, "Iko sawa, endelea." Nikapaka. Kisha nikaona machozi yanaangukia kitenge. Nikauliza tena, na tena nikauliza shangazi! Akasema, "Anavumilia. Huyu ni mutoto wa kwetu."

Kumbe asubuhi ile alikuwa amefumua misuko na kujikuna na kichanuo. Nilipoosha, ngozi ikatoka pamoja na nywele mu vidole vyangu. Nawaambia ukweli, nilipiga magoti pale pale, ninamumwagia maji huku ninalia. Aliolewa na kitambaa juu ya kichwa, na Kashebere nzima ikajua ni mimi.

Kutoka siku ile hakuna muntu alinipa kichwa yake. Miezi ikapita, na mtihani wa mwisho ukawa karibu: kila mwanafunzi alete muntu wa kulainishwa nywele, na mwenye hana muntu anarudi nyumbani bila breve, ile cheti ya kazi. Nikabisha milango. Mama mumoja, aliponiona tu, akakaza kitambaa yake ya kichwa. Mucheke, lakini mimi sikucheka.

Asubuhi ya mtihani nilisimama nyuma ya kiti yenye haina muntu. Kamati ya mtihani ikaanza kuita majina. Nilikuwa ninafunga sanduku yangu wakati mulango ulifunguka: yule bibi-arusi, na shangazi nyuma yake. Nywele yake ilikuwa imeota. Akakaa kwa ile kiti.

"Siku ile, wewe njo ulilia pamoja na mimi," akasema. "Fanya."

Shangazi akanitolea macho. "Ukimuunguza tena, utanijua!"

Safari hii nilitazama ngozi yote mwenyewe, kisha nikapaka. Dakika za produi zilikuwa hazijaisha, nikaona kidole yake inakamata kitenge. Nikauliza, "Dada, unasikiaje?"

Shangazi akajibu, "Endelea, anavumilia."

"Samahani, Mama," nikasema. "Nauliza mwenye kichwa."

Kamati wakaacha kuandika. Yule dada akainua macho. "Inaanza kuniunguza. Hapa, karibu na sikio."

Nikaosha mbio mbio. Nywele ilikuwa nusu laini, nusu bado, sura ya aibu kabisa, na nilijua nimeanguka mtihani. Mama mwalimu akapitisha kidole kwa ngozi, polepole, kutoka sikio mpaka sikio. Ilikuwa nzima.

"Nywele inarudiliwa," akawaambia wenzake. "Ngozi hapana. Mumupe breve."

Ninamushukuru yule mwalimu. Ninamushukuru yule dada aliyerudisha kichwa yake kwa mikono iliyomuumiza. Hata shangazi ninamushukuru: sasa anakuja kwa saluni yangu, na maji ikiwa moto kidogo tu anapiga kelele mpaka barabarani!

Wamama, tumefundishwa kuvumilia, na kuvumilia kumetufikisha mbali. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukiona machozi ya muntu, usiulize shangazi.