Lorraine Haugen na Swali la Damu za Wazee

Lorraine Haugen anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya damu hapa Duluth. Kwa desturi yetu, anayeondoka humchagua mtu wa kumwandikia. Amenichagua mimi, mbeba masanduku ya damu, na madaktari wapo tele. Nilimuuliza kama hajakosea. Akasema hapana, wale wataandika kana kwamba wameelewa.

Alianza kwa kubandika majina kwenye vichupa. Akasoma kompyuta kwa masomo ya jioni, akawa mchambuzi wa data, na tangu hapo anachungulia tarakimu zinazotoka kwenye damu ya wazee. Nilivyofahamu mimi ni hivi: mtu akizeeka, chembe moja ndani ya uboho wa mifupa hupata kasoro ndogo, kisha huzaana kuliko wenzake hadi ukoo wake unajaa kwenye damu. Wazee wenye ukoo huo mara nyingi wana pia uvimbe wa ndani, usioonekana kwa macho, unaochosha moyo. Sasa, ukoo ndio unaoleta uvimbe, au uvimbe ndio unaoulisha ukoo? Kila akinieleza nilikubali, na nikifika kwenye lifti nimeshachanganyikiwa. Nilipomwambia, alicheka akasema yeye huchanganyikiwa pale pale mezani, hahitaji lifti.

Ni mtu wa utani. Siku za chakula cha pamoja huleta supu ya kuku na mchele wa mwituni, na anayetia chumvi kabla ya kuonja huitwa "mwanasayansi" hadi jioni.

Mwaka jana alipata alichokuwa akitafuta. Kwenye data zake, kadiri ukoo ulivyokuwa mkubwa ndivyo na uvimbe ulivyozidi. Mkuu wetu, Dokta Virgil Aho, akaandaa makala na kuituma kwenye jarida, jina la Lorraine likiwa la kwanza. Miaka yote hiyo jina lake lilikuwa likibanwa katikati ya mengine. Alinionyesha kwenye kompyuta, akaligusa kwa kidole.

Mwezi wa kumi akajitolea damu yake mwenyewe ipimwe. Majibu yakaja: hana ukoo wowote, lakini uvimbe uko juu. Alizunguka siku nzima hajui uvimbe huo umetoka wapi, huku akijikanda mkono. Kisha akakumbuka kwamba mkono ulikuwa unauma kwa sababu alichanjwa mafua kazini, na kesho yake ndipo akatolewa damu. Chanjo huamsha mwili kwa siku chache. Na wauguzi wetu wanapokwenda kwenye nyumba za kutunzia wazee huko kaskazini hufanya vivyo hivyo: chanjo leo, wanalala huko kwa sababu barabara ni ndefu, kesho damu. Wazee wa nyumba hizo ndio wenye umri mkubwa kuliko wote, kwa hiyo ndio wenye ukoo mkubwa zaidi kwenye damu. Uvimbe wao ulikuwa wa ukoo au wa sindano?

Nilikuwa nashusha masanduku alipomweleza Dokta Aho.

"Lorraine, tuiache makala itoke tu. Marekebisho yatafuata. Wewe Mei unaondoka."

"Virgil bwana, mimi mwenyewe nina uvimbe na ukoo sina. Nitawaambia nini watu?"

"Waambie tulifanya kwa nia njema."

"Nia njema wataipata wapi kwenye data? Irudishe."

Makala ikarudishwa. Dokta alinuna wiki nzima, kisha akaagiza wazee wawe wanatolewa damu kabla ya chanjo. Lorraine aliziondoa damu zote zenye mashaka, akahesabu upya, na uhusiano ukapungua nusu. Nusu iliyobaki hakuna anayejua kama ni ya kweli. Inasubiri damu mpya za msimu ujao wa chanjo, na yeye hatakuwepo. Dokta ameahidi kwamba jina lake litabaki la kwanza. Lorraine amesema sawa, lakini jibu likitoka la aibu, Dokta aweke jina lake mwenyewe.

Mimi bado sielewi kipi huanza, na sasa naambiwa hata wenyewe hawaelewi kama walivyodhani. Ila nilimwona akikirudisha alichokitamani sana, na hilo sikuhitaji kuelezwa.

Asante, Lorraine, kwa kazi, kwa supu na kwa uvumilivu wako. Nenda kwenye kibanda chako ziwani upumzike kwa afya na furaha. Simu uiweke karibu tu. Damu za msimu ujao zikihesabiwa tutakupigia, jibu liwe lolote.