Fundi wa Magari ya Kuvuka Maji

Ndugu waombolezaji, mimi ni mpwa wa marehemu, shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikikwama mnivumilie, wajomba wamenipa kazi ya kusoma kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye miaka minne, wao walikuwa na shughuli nyingi.

Mjomba alizaliwa tarehe 11 Juni 1962, mtoto wa tatu kati ya watano, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akamaliza darasa la saba mwaka 1977, mwaka uliofuata akaingia gereji kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akajifunza hivyo hivyo mpaka akawa fundi wa injini, na mwaka 1994 akafungua gereji yake, ile yenye mlango wa bluu usiofunga vizuri, akawa analala chumba cha nyuma na redio ambayo haikuzimwa, ukimuuliza anakwambia angalau hii inanijibu, na kweli walikuwa wanabishana, mtangazaji akisema leo hakuna mvua, yeye anasema wewe uko ndani, utajuaje.

Mwaka 2006 maji yalibeba daraja, magari yakawa yanapita mtoni hivyo hivyo, na injini ikishakunywa maji imekwisha, ndipo mjomba akaanza kuhamisha pua ya gari, yaani anatoboa bodi ubavuni, anapandisha bomba la hewa mpaka usawa wa paa, kila kiungo anakikaza kwa klipu na kukipaka silikoni, maji yakifika kwenye boneti gari linapumulia juu, la kwanza lilikuwa lake, likafuata la zahanati, jumla sitini na tatu, na hakuna hata moja lililozimika majini.

Hapa kwenye ndoa na watoto nimeandikiwa hakuoa, hakuzaa, nipite haraka, mniwie radhi wajomba, sipiti. Ng'ambo ya mto kuna mwanamke mshonaji, anamuuguza mama yake aliyepooza, hawezi kumwacha akahamia huku, na mwaka 2005 mjomba aliwaomba kaka zake wakamposee, wakasema huyo ana watoto wawili tayari, hatuna miguu ya kwenda huko, ila mjomba kila Jumamosi alikwenda, daraja lilipobebwa akavuka kwa lile bomba, Jumapili jioni anarudi peke yake, na siku zilizobaki alikula amesimama, alisema ukikaa mezani mmoja unakuwa kama unasubiri mtu.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023, mara ya mwisho kuvuka ilikuwa Jumamosi tarehe 4 Februari, baada ya hapo hakuweza hata kukanyaga klachi, na mvua zikaanza. Tarehe 29 Aprili akaniambia, kijana wangu, chukua gari ukamlete, lakini kabla hujaingia majini washa injini, uzibe mdomo wa bomba kwa kiganja, ikizimika hakuna hewa inayopenya kwingine, ikiendelea kunguruma linavuja, usivuke. Nikaenda, nikaziba, injini ikazimika palepale, ila nilipoutazama mto, mweusi, umebeba magogo, niliogopa, nikageuza gari, nikarudi nikamwambia bomba linavuja. Hakunigombeza, aliuliza kiungo kipi, nikasema cha chini, akaangalia viganja vyake, akasema basi nimezeeka, na toka siku hiyo hakumtaja tena yule mshonaji, wala hakubishana na redio. Alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 11 Mei, saa nane mchana, mimi nimetoka kumtafutia chai, hakuwa na mtu pembeni. Maji yalipungua Jumamosi.

Mafundi wote mliopo nawaambia, kazi ya mjomba ilikuwa safi, bomba halikuvuja, mwongo ni mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokuwa mnagonga ule mlango kumjulia hali, mafundi wenzake, na madereva mliovuka kwa mikono yake. Na yupo mwingine wa kushukuriwa, amevuka leo asubuhi kwa miguu, sketi imelowa mpaka magotini, amekaa kule nyuma karibu na masufuria, mke wa mjomba huitwa mkaza mjomba, na mimi ndivyo nitakavyomwita. Wajomba, naomba mmoja wenu anyanyuke hapo mbele ampishe kiti, nitasubiri.

Mjomba, mtu wako amefika, pumzika sasa.