Inzoudine Combo, Aliyeihamishia Barabarani Karamu ya Idd

Kaka yangu Inzoudine Combo, tunayemzika asubuhi hii ya Alhamisi, alizaliwa Hombo, Mutsamudu, tarehe 12 Machi 1936. Baba yetu alikuwa fundi cherehani. Mama alisema mtoto huyu hakula peke yake tangu alipoota meno.

Alisoma chuo cha Kurani, kisha shule ya Kifaransa, akamaliza Moroni mwaka 1955. Huko Moroni akawa karani wa serikali kwa miaka ishirini na sita. Mwaka 1961 alimwoa Naouele wa Ikoni, wakarudi wote Mutsamudu alipostaafu.

Hapa alikabidhiwa karamu ya Idd ya mtaa, iliyokuwa ikiliwa uani msikitini. Jirani yake Célestin, mwashi Mkatoliki kutoka Madagaska, hakuwa na pa kukaa kwenye karamu hiyo. Mwaka wa kwanza kaka alimpelekea pilau nyumbani, imefunikwa vizuri, akajiona amefanya jambo. Célestin alirudisha sahani imeoshwa.

"Chakula tumekula, Bwana Inzoudine," akamwambia. "Sikukuu ndiyo hatujaiona."

Kaka aliona haya wiki nzima. Idd iliyofuata alitandika mikeka barabarani: anayeswali aswali kwanza msikitini, kisha wote wakutane nje, sinia moja watu watano. Wazee walinuna mwaka mmoja, wa pili wakaja. Ikawa desturi kwa miaka kumi na miwili.

Mwaka 1997 kisiwa chetu kikajitenga na visiwa vingine vya nchi. Kamati ya vijana ikasema Idd ni ya wenyeji tu. Célestin akakatazwa, hata Naouele akaambiwa ni mtu wa kisiwa kingine, Ngazidja, akarudi kwao Ikoni akilia. Kaka akawajibu, "Basi nitoeni na mimi." Wakamtoa. Idd ya mwaka huu, Januari, alitandika mkeka mlangoni kwake. Tulikuja watu wanne. Tulikula tukiwa tumechoka, na yeye zaidi yetu sote.

Presha ilimzidi tangu Machi, meli zilipokatazwa kuja kwa sababu ya kujitenga huko na dawa zikaadimika. Alifariki jana, tarehe 19 Julai 2000, saa tisa alasiri. Mkewe alipata habari kwa simu, na hana chombo cha kumleta.

Ameacha mjane, Naouele, watoto watatu, Oirdine, Saoudat na Oumouri, mimi mdogo wake, Abdoulkarim, na Célestin. Jana jioni walinijia watu wawili wa heshima, wakaniomba nilifute jina hilo la mwisho, maana haya ni maziko ya Mwislamu. Sina nguvu ya kubishana na mtu leo. Mola ampe kaka yangu mapumziko aliyoyakosa miaka hii mitatu. Célestin amesimama nje ya ukuta wa makaburi tangu alfajiri. Mpisheni, aje atie udongo.