Tembo Mia Mbili na Mtu Mmoja: Maisha ya Mzee Chamnong Phetraksa

Waheshimiwa watawa, wazee wetu, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza Babu, kwa niaba ya familia naomba mnisikilize kidogo kabla hatujapanda ngazi za tanuru kuweka maua ya msandali ya kumuaga.

Mzee Chamnong Phetraksa alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, hapa hapa Phetchaburi, mtoto wa tatu wa mgema wa mivumo, akaanza shule mwaka 1958 katika uwanja wa hekalu hili, na kila mchana alikula kwa Mama Bunruean, aliyeuza wali na mchuzi nje ya lango, pamoja na mwanawe Theerayut, ambaye sote tunamwita Babu Uan, na leo ameketi pale karibu na mashine ya sinema.

Mwaka 1970 alijiunga na chuo kikuu Bangkok kusoma fasihi, akahitimu 1974, na tangu Juni 1975 hadi alipostaafu Machi 2011 alikuwa mhakiki wa filamu wa gazeti moja la kila siku, kazi aliyoifanya kwa sharti lake mwenyewe, kwamba hatamsifu gazetini mtu yeyote aliyewahi kumlisha. Tarehe 9 Februari 1979 alimwoa Bibi Orathai, wakajaliwa watoto wawili, mama yangu Wiphada mwaka 1980, na mjomba Kanin mwaka 1984.

Familia ilijadiliana kama sehemu inayofuata isomwe, Bibi akasema, "Soma tu, mjukuu wangu, nani hapa haijui?"

Agosti 2003 ilitoka filamu aliyoiongoza Babu Uan, Taji la Mto, iliyochukua miaka minne kutengenezwa, yenye majumba ya kifalme yaliyojengwa upya, hariri iliyofumwa kwa mkono na vita vya tembo, magazeti yote yakaisifu, isipokuwa Babu, aliyeandika, "Nimeona tembo mia mbili, sikuona mtu hata mmoja." Wapo waliosema haipendi nchi yake, na muuza tambi wa mtaani kwetu akawa anampokea kila asubuhi kwa kusema, "Mzee, tembo wameisha, leo zipo tambi tu," naye anacheka na kula, lakini Babu Uan hakucheka, kwa sababu ndani ya filamu ile yumo mama yake mzazi, anasugua sufuria wakati mfalme anapita, na Mama Bunruean alifariki mwaka uliofuata. Tangu hapo marafiki hao hawakusemezana, hata harusi ya mjomba Kanin, mwaka 2012, Babu Uan hakuja.

Mwaka 2019 figo za Babu zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ya mkoa. Aprili 2022, siku ya Songkran, mwaka mpya wetu, tukiwa tunawamwagia wazee maji mikononi, Babu Uan alitokea mlangoni na sinia la kastadi ya sukari ya mvumo, na kabla hajavua viatu akauliza, "Chamnong, mama yangu si mtu?"

"Nilimwona," Babu akajibu. "Nililia mle sinemani. Ningemwandika, wangesema nalipia wali."

"Mpumbavu wewe! Sentensi moja tu!"

"Moja ingeziharibu zote."

"Kwa hiyo filamu bado mbaya?"

"Mbaya sana, Uan. Ila Mama, hapana."

Babu Uan alicheka mpaka akatafutiwa kiti, na tangu siku ile ndiye aliyempeleka hospitali, mpaka Babu alipofariki, tarehe 2 Novemba 2023, akiwa na miaka 72.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika siku zote za msiba, wenzake wa gazetini, na muuza tambi, aliyefunga kibanda akaja. Jioni hii, kama ilivyo desturi ya misiba hapa kwetu, kitambaa cha sinema kitatundikwa uwanjani, na filamu aliyoichagua Babu mwenyewe ni Taji la Mto. Mfalme atakapopita msimtazame mfalme, tazameni kona ya chini, kushoto.

Pumzika kwa amani, Babu, leo una ruhusa ya kusifu.