Siku Niliyomfungia Binti Yangu Kadi

Asanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti amesema nifupishe, lakini mnanijua, mimi nimekulia Karagwe, nikianza Kiswahili sijui kusimama. Mnivumilie. Jina la mtu sitataja. Walionisaidia wako humu, watajijua wenyewe.

Ndugu zangu, binti yangu wa kwanza anasomea uuguzi Kampala. Kabla hajaondoka tulienda wote benki, kule Muhima, kumtafutia kadi ya kulipia. Kijana wa benki alitueleza vizuri. Kuna kadi inayotegemea akaunti ya mzazi. Kuna ya kujaza, unaiwekea pesa kama vocha ya simu. Na kwa kuwa binti ameshakuwa mtu mzima, ana indangamuntu yake, kitambulisho cha taifa, anaweza kufungua akaunti yake na kupata kadi yenye jina lake. Binti akanitazama. Mimi nikasema: hiyo ya kujaza, iandikwe jina langu, na kuifunga nifunge mimi kwa simu yangu. Mtoto ni mtoto! Tena nikampa sharti, asiitumie kabla ya kunipigia, kwa namba yake. Akasema ndiyo, mama. Ni msikivu yule, na usikivu wake ndio unaoniuma.

Sasa mnakumbuka tulivyofundishwa hapa hapa kwenye kimina chetu cha akiba habari za abatekamutwe, wale matapeli wa simu? Mtu atakupigia kwa namba ya nje, atasema mtoto wako yuko hospitali, na pembeni atamweka mtu wa kulia. Kata simu. Funga kila kitu, uulize baadaye. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko ninyi wote.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tulikuwa tunazibua ule mtaro wa Batsinda, jembe mkononi, namba ya Uganda ikaita.

"Mama, mimi ni nesi. Mtoto yako iko hapa kriniki. Tumbo inamuuma sana, daktari anasema apasuliwe leo. Kadi anayo, lakini amekataa kulipa mpaka wewe ujue. Simu yake imebaki hosteli."

Nilicheka, jamani. Nikawaita majirani wasikilize. Nyuma ya yule nesi kukatoka sauti ndogo, "Mama, ni mimi." Nikajibu, "Hata sauti mmejifunza! Mlaaniwe!" Nikakata, nikaizuia ile namba, nikaifunga kadi. Majirani wakanisifu. Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sikuumwa na nyoka yeyote, nilisimuliwa tu.

Umuganda haujaisha, ikaita namba ya binti yangu mwenyewe. Nikapokea nikiwa na hadithi ya kumsimulia. Alikuwa mwenzake wa chumbani. "Mama, nimekuja hosteli kuchukua simu yake. Kadi inakataa, na bila malipo ya kwanza hawamwingizi chumba cha upasuaji. Analia, anasema hukumwamini."

Nikalitupa jembe. Nikapiga simu ya benki. Dada akanijibu kwa upole kwamba kadi ukiifunga mwenyewe, inafunguliwa tawini, uje na kitambulisho, Jumatatu. Nikamwambia mwanangu anakufa. Akasema, "Pole sana, mama." Upole wake ulinichoma kuliko matusi. Na pesa yote niliyokuwa nayo ilikuwa ndani ya kadi ile. Nipande basi? Ningefika kesho. Nikampigia nesi, hakupokea tena. Ningekuwa yeye, nisingepokea pia. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, sina la kufanya, hata kuomba nilishindwa. Nilikuwa namwita Mungu tu, "Mana we, Mana we."

Hapo mama mmoja wa humu, aliyekulia Kampala, akaweka koleo chini. Hakuniuliza maswali. Alichukua simu yangu, akamwuliza yule mwenzake wa chumbani kliniki iko wapi, kisha akampigia kaka yake kule Kampala, wakaongea Kiganda, nikasikia tu jina la mtaa wa kliniki. Yule kaka akafunga duka akaenda kliniki, akasimama kama mzazi wa binti yangu. Ninyi wengine mkachanga kwa simu zenu, mikono bado ina matope, mkamtumia. Mchana ule binti akaingizwa kupasuliwa.

Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Daktari alisema angefika mezani mapema kidogo, yasingekuwa makubwa vile. Alilala kitandani muda mrefu, na muhula ukampita. Lakini yuko hai, Imana ishimwe, Mungu asifiwe.

Kwa hiyo nawashukuru. Dada wa koleo, Mungu akuone. Wazazi wenye vijana, mtu mzima mpeni kadi yenye jina lake. Mkafundishane habari za matapeli, sawa, lakini mkubaliane na watoto wenu neno moja la siri, ili mtoto akilia, mzazi ajue ni wake.

Sisi tunalo neno hilo sasa, na kadi yake anayo, jina lake. Lakini akinipigia, hata kwa namba yake, hata kama ni kunisalimia tu, neno lile halitumii. Huanza kwa kusema, "Mama, ni mimi kweli." Namwambia mwanangu, najua ni wewe. Kesho yake anapiga tena, anaanza vilevile.