Ng'ombe wa Kuombea Viza

Mimi si mtu wa kusikiliza ya watu. Leo, gari lilipotoka Handeni, nilihama viti viwili tu, nisikie vizuri. Mbele yangu mzee mmoja, Lomayani, alimwonyesha binti aliyeketi naye picha ya ng'ombe.

"Naomba viza ya utalii, nikamwone mjukuu wangu Ujerumani. Watu wa ubalozi wanataka uthibitisho kwamba nitarudi. Nani atawatoroka ng'ombe arobaini, mwanangu?"

"Wote wako, mzee?"

"Kila mmoja namwita kwa jina." Shingo ikamrefuka, na mimi nikamwombea viza kimoyomoyo.

Binti akaisogeza picha machoni. "Mbona masikio yamekatwa alama ya boma letu? Hawa ni ng'ombe wa baba, Kisioki wa Mazingara!"

Gari likasimama Korogwe. Mzee akakohoa. "Huyo mbuzi pembeni mwa picha," akasema, "ni wangu."